Shamba la Annonciata

Nyabiondo, Masisi
Tarehe 7 Julai 2019

Mpendwa mdogo wangu Kétsia,

Nakusalimu kwa mikono miwili, mwana wa mama mdogo, wewe uliyekwenda mbali hadi jina la mji wako linatushinda kutamka hapa dukani. Hamjambo huko Liège? Camille wako hajambo? Na mtoto je, kile kikohozi ulichoniandikia kimemwacha? Mpake mawese ya uvuguvugu kifuani kabla hajalala. Najua daktari wenu atakunja uso, lakini wewe mwenyewe ulikua kwa mawese hayo hayo na kifua chako hakina kasoro.

Sisi huku tungali wazima, Mungu ashukuriwe. Mume wangu Mumbere anaumwa tena lile goti lake bovu. Alirudi juzi na lori kutoka Goma, na alipofika Mubambiro, karibu na kambi ya jeshi, wanajeshi walishusha mizigo yote wakaipekua, kisha wakamwacha aipakie peke yake. Goti likavimba kama boga. Anakusalimu sana, anasema siku utakapokuja atakupokea kwa kuku na si kwa maharagwe, ili usiseme shemeji yako ni mchoyo.

Risasi tunazisikia, siwezi kukudanganya. Siku nyingine zinalia upande huu wa milima, siku nyingine upande ule, na siku zisipolia tunaogopa kimya chenyewe. Hata hivyo soko linafanyika, watoto wanakwenda shule, na mimi ninauza chumvi, sabuni na vikwembe vya rangi vya kujifunga, kama unavyonijua.

Barua yako aliileta Guylain, yule dereva wa pikipiki anayefika hadi Pinga hata njia ikiwa tope tupu. Aliibeba ndani ya shati, ikafika na jasho lake. Niliisoma nikiwa nimesimama, kisha nikaketi nikairudia. Nimefurahi kwamba umerudi chuoni baada ya kujifungua. Mama yako Bibiche ameitangaza habari hiyo Butembo nzima, hata kwa watu ambao hawakuuliza.

Sasa, lile neno lako refu, féminisme intersectionnel. Nilimsomea Mumbere kwa sauti, akauliza kama ni ugonjwa na kama una chanjo. Usimkasirikie. Maelezo yako niliyaelewa: kwamba mwanamke haonewi kwa sababu ya uanamke wake tu, kuna na kabila lake, na umaskini, na hali ya ndoa, na lugha anayoongea, na vyote humwangukia kwa pamoja. Ukaniuliza hilo lina maana gani kwa wanawake wa kwetu leo. Mdogo wangu, mimi ni mwenye duka. Siwezi kukuandikia somo. Lakini kuna jambo lililotokea hapa tangu mwezi wa tano, na tangu nisome barua yako nimekuwa nikijiambia kwamba hili Kétsia lazima alijue.

Ni habari ya Annonciata. Humjui, ni mjane wa Symphorien, mkulima wa hapa. Symphorien alikuwa Mhunde, na Annonciata kwao ni Wahutu wa bonde la pili. Walioana wakati ambapo watu walikuwa wananunuliana pombe ya ndizi bila kuulizana lugha. Wakazaa mabinti watatu. Mwaka jana, wakati wa mvua, Symphorien alikuwa anarudi kutoka Pinga amebeba mawese ya kuuza, akakuta makundi mawili yanarushiana risasi njiani. Moja ikampata. Hakuwa wa kundi lolote. Hadi leo hatujui aliuawa na nani, na pengine aliyeua naye hajui.

Matanga yalipokwisha, mdogo wa marehemu, Benoît, alikuja kumwambia Annonciata kwamba atamrithi, awe mke wake wa pili, kama desturi inavyotaka. Annonciata alimjibu kwa heshima kwamba anamtambua kama shemeji na ataendelea kumtambua hivyo. Benoît akadhani ni aibu ya mjane. Akangoja. Akarudi, akapewa jibu lile lile.

Hapo ndipo mambo yalipogeuka, Kétsia. Kabla ya kukataa, Annonciata alikuwa "muke wetu". Alipokataa, akawa "muntu wa wale". Benoît akaanza kusema kwenye pombe kwamba yule mwanamke anapeleka habari kwa watu wa lugha yake. Kwamba hakumzalia kaka yake hata mtoto mmoja wa kiume. Kwamba shamba la ukoo halikai mikononi mwa kabila jingine. Na akamwacha alime, akamwacha apande maharagwe, akamwacha apalilie. Maharagwe yalipotoa maua, ndipo akatupa vyungu vyake nje na kufunga mlango wa nyumba.

Annonciata aliwachukua mabinti akaenda kwa kaka yake, Sebarenzi. Yule kaka aliwalisha, aliwalaza, kisha akamwambia, "Dada yangu, uliolewa kule. Shamba yako iko kule. Huku hauna kitu." Wanaume wa lugha hizi mbili siku hizi hawapatani juu ya jambo lolote, lakini juu ya Annonciata walipatana bila hata kukutana.

Basi akaja kwangu. Alikuwa mteja wangu tu, mtu wa kununua chumvi na kuniulizia habari za goti la mume wangu. Alisimama mlangoni na watoto, hakuomba kitu, akanunua sabuni. Nikamuuliza wanalala wapi. Akaangalia sabuni. Nikawaingiza jikoni. Mumbere aliporudi na kukuta watu wanne wamelala karibu na mafiga, alitoka, akarudi na godoro la lori. Ndiyo maana ninavumilia utani wake.

Maneno yalikuja haraka. Mwanamke mmoja wa hapa, tunayesali naye, aliniambia mbele ya wateja: "Mama Kyakimwa, weye uko muntu wa Butembo. Vita ikikuya utapakia vitu yako ku lori, utaenda. Siye njo tutabaki. Usituletee vita ingine." Nilikasirika, lakini nikampimia chumvi yake, kwa sababu maneno ya lori ni ya kweli. Wateja wakapungua. Hata salamu barabarani zikawa za haraka haraka.

Tuna kikundi cha wamama, tunakutana katika chumba nyuma ya kanisa. Prezida wetu ni Joséphine-Marie, mshonaji, mwanamke wa kuheshimika. Mwaka jana mjane mmoja wa Kihunde alinyang'anywa shamba na wakwe, tukaenda sote kwa kapita, yule mkuu wa kijiji, tukaketi mbele ya nyumba yake bila kuondoka hadi mjane akarudishiwa shamba lake. Kwa hiyo nilidhani jambo la Annonciata ni lile lile. Nikampeleka kwenye mkutano, nikaeleza.

Chumba kikawa baridi. Joséphine-Marie akakunja kitambaa alichokuwa anashona, akasema, "Hapa tuko wanamuke tu. Mambo ya kabila tuliiacha ku mulango. Tukiingiza hii, kikundi itapasuka."

Usimwone mbaya, Kétsia. Miaka ile ya nyuma nyumba ya dada yake ilichomwa moto, na waliochoma walikuwa watu wa lugha ya Annonciata. Kwamba alikubali kuketi naye chumba kimoja tayari ni kazi kubwa. Na kikundi hicho amekijenga kwa miaka, mama mmoja baada ya mwingine, kwa sheria hiyo hiyo ya mlango. Alikuwa anaogopa, na woga wake una historia.

Annonciata hakuwa ameombwa kusema. Alisimama tu, mtoto mdogo akiwa mgongoni. Ninakuandikia maneno yake kama nilivyoyasikia.

"Mama prezida, Benoît hakunifukuza mara tatu. Hakusema, leo ninakufukuza juu uko mwanamuke, kesho juu ya luga ya baba yako, kesho kutwa juu ulizaa mabinti tu. Alinipiga teke moja, nikajikuta inje. Sasa munaniambia nilete humu sehemu ya mwanamuke, ile ingine niiache ku mulango. Nitajikata wapi?"

Mmoja alikohoa. Joséphine-Marie alifunga mkutano kwa sala, tukatoka, na wengine walinipita bila kuniaga. Nilijua kwamba jambo limekufa.

Lakini pale kwenye kona ya chumba alikuwa ameketi Mama Céline. Huyu ni mama mzazi wa Symphorien na wa Benoît pia, mzee, mgongo umepinda, na anaishi kwa Benoît. Kila mtu alidhani amekuja kusikiliza ili akamweleze mwanawe. Alimfuata Annonciata hadi nje, akamuuliza kwa Kihunde kama maharagwe yamekauka. Annonciata akasema yamekauka, tena yakingoja kidogo yatapasuka na kumwagika. Mama Céline akasema, "Basi Alhamisi tutavuna." Akashika fimbo yake akaenda zake.

Alhamisi nilifunga duka. Ninakuambia kweli, nilikuwa na woga, na Mumbere alitaka kunikataza, akaishia kuniambia nivae viatu vya kukimbilia. Tulipofika mimi na Annonciata, Mama Céline alikuwa ameshaanza, anang'oa mashina na kuyaweka kwenye mafungu, pole pole, kama mtu aliye kwake. Wengine wakafika mmoja mmoja. Wahunde, mimi Mnande wa Butembo, na wamama wawili wa lugha ya Annonciata waliovuka bonde kwa kujificha. Hatukuwa wengi. Hatukuimba. Kila mtu alikuwa anavuna huku sikio liko njiani.

Jua lilipopanda, Joséphine-Marie akaja. Amejifunga kikwembe chake kizuri cha kanisani, sijui kwa nini alichagua hicho. Hakusalimu. Aliinama kwenye mstari uliokuwa karibu na Annonciata, akaanza kung'oa. Nilimwona Annonciata akijifuta uso kwa mkono wenye udongo, ukabaki umechafuka, na hakuna aliyemwambia.

Ndipo Benoît akatokea juu ya kilima. Nyuma yake alikuja mwanamume mwenye bunduki, wa kundi moja linalokaa msituni. Niliwafikiria watoto wangu, nikakufikiria na wewe, unisamehe, nilifikiri kwamba barua yako nitakuwa sijaijibu.

Benoît akapiga kelele: "Nani alisema muvune shamba yangu?"

Mama Céline hakunyooka, maana hawezi tena kunyooka. Alimjibu akiwa ameinama vile vile, mashina mkononi. "Shamba hii nililima na mimba yako ndani ya tumbo. Hapa hapa. Unaniuliza nani alisema?"

"Mama, toka hapo. Huyu haiko wa kwetu."

"Baba yako alipokufa," akasema Mama Céline, "ndugu yake alinichukua kama vile wanachukua mbuzi. Sikuulizwa. Miaka yote ile nililala na muntu sikumutaka, na weye ulikula chakula nilipika. Huyu uliuliza, akakataa. Alikataa vile miye sikuweza. Sasa kama unataka kumupiga, anzia kwangu, niko karibu."

Kétsia, hakuna hata mmoja wetu aliyejua kwamba hakumtaka yule mume wa pili. Wanawake wa umri wake hawasemi hayo, na hakika hawayasemi mbele ya mwana wao. Benoît aliangalia chini. Yule mwenye bunduki alituangalia, mmoja mmoja, akaangalia mafungu ya maharagwe, kisha akamgeukia Benoît.

"Uliniambia kuko maadui ku shamba," akasema. "Minaona wamama na maharagi."

Akaondoka. Lakini nisikupambie: kabla ya kuondoka alidai beseni la maharagwe, na tulimpa, tena tukalijaza. Hiyo ndiyo Masisi yetu. Benoît alibaki amesimama peke yake kidogo, kisha naye akashuka kwa njia nyingine. Tulimaliza kuvuna. Jioni Mumbere alinikanda miguu kwa maji ya moto, yeye mwenye goti bovu.

Baadaye tulikwenda kwa kapita, safari hii na Joséphine-Marie mbele. Kapita alituweka sana, akaita wazee, akaita Benoît. Mwisho akaamua kwamba shamba la maharagwe abaki nalo Annonciata, alime kwa ajili ya mabinti wa Symphorien. Nyumba na migomba ya juu vikaenda kwa Benoît. Mimi nilitaka tukatae, nikaanza hata kusimama, lakini Annonciata alinivuta kikwembe. Alisema anajua kipi anaweza kukilinda na kipi hawezi. Sasa amejenga kijumba cha miti na udongo pembeni mwa shamba, na turubai la lori juu yake.

Kikundi nacho hakikubaki kama kilivyokuwa. Wamama wawili wametoka, wanasema tumekuwa watu wa siasa. Mmoja ni yule aliyenisema dukani. Inaniuma, kwa kuwa tulikuwa tunacheka pamoja. Joséphine-Marie anafungua mkutano siku hizi kwa kuuliza kila mama ana mzigo gani, hata kama ni mzigo unaotuudhi. Juzi mama mmoja aliyekimbia vita kutoka Walikale, anayeishi kwa kupangisha kona ya jiko la watu, alisema kwamba tunapokutana saa za kazi za shambani, sisi wenye maduka tunaweza, yeye hawezi kwa sababu analima kwa watu ili watoto wale. Tukabishana karibu hadi kugombana. Tukahamisha mkutano.

Hilo ndilo ninaloweza kukujibu. Siku ile shambani sote tulikuwa wanawake, lakini hatari tuliyobeba haikuwa sawa. Mimi ningepanda lori. Joséphine-Marie alikuwa anahatarisha jina lake kwa watu wa kwao. Mama Céline alikuwa anahatarisha mahali pa kulala. Annonciata hakuwa na mlango wa kutokea, upande wowote. Kama neno lako refu linasema kwamba tusisahau jambo hilo tunaposema "sisi wanawake", basi ni neno zuri, lisomee mtihani wako na ushinde. Na kama wenzako wa chuoni watakuuliza wanawake wa Kongo wanataka nini, usiwajibu kwa haraka kwa niaba yetu. Waulize ni yupi.

Nilimuomba Annonciata ruhusa ya kukuandikia haya. Alifikiri, akaniuliza kama wewe una binti. Nilipomwambia ndiyo, akasema, "Muandikie."

Bado kuna la mwisho. Benoît alimwambia mama yake kwamba aliyemwaibisha shambani asile tena katika nyumba yake. Mama Céline hakubishana. Alikunja mkeka wake, akashuka mlima na kuingia katika kile kijumba cha turubai, akamwambia Annonciata amsogezee nafasi. Yeye ni Mhunde wa damu, tangu kuzaliwa hajawahi kutamka neno la Kinyarwanda, hata la salamu. Sasa kwa kuwa wajukuu wanaongea lugha ya mama yao ndani ya nyumba, ameamua kujifunza ili aweze kuwagombeza.

Jumapili nilipita kuwapelekea chumvi, nikawakuta wasichana wamelala juani wanachelewa kwenda mtoni. Mama Céline alisimama mbele yao na fimbo, akakusanya nguvu zake zote, na badala ya kuwaambia wainuke akawapigia kelele, "Mwicare!", yaani kaeni chini. Wale watoto wakatii. Wakainuka kidogo, wakaketi vizuri, mikono juu ya magoti, wanamwangalia. Annonciata alikuwa anapepeta maharagwe mlangoni, akaanza kucheka, na alicheka hadi ungo ukamwangukia miguuni. Tangu Symphorien azikwe sikuwahi kuisikia sauti ya kicheko chake. Ni nene, kama ya mwanamume. Mama Céline alituuliza kwa hasira amesema nini, nasi tukazidi kucheka.

Msalimie sana Camille, umwambie asikuachie vyombo vyote wakati wa mitihani. Mama yako Bibiche ukiongea naye kwa simu, umwambie kikwembe chake nimekiweka, Mumbere atakipitisha Butembo goti likipona. Mwanangu Fiston anakusalimu na anadai picha ya theluji. Mama Céline na Annonciata nao wanakusalimu, ingawa hamjaonana.

Mungu awafunike wewe na wako kama kuku anavyofunika vifaranga, awape usingizi bila kushtuka, na atufikishe siku ya kuketi pamoja.

Wako akupendaye daima,

Yaya wako, dada mkubwa, Kyakimwa